Mzee wa Studio na Diski Isiyoonekana

Nimemjua yule mzee kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo nilimwona ameogopa siku moja tu, siku kompyuta yake ilipokataa kuiona diski mpya. Nilidhani mwenye haki ya kuogopa ni mimi. Picha ya mwanangu ilikuwa ndani ya diski ya zamani, na ile ya zamani ilikuwa inakata roho.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, msiniulize. Pale Gongoni, Tabora mjini, tulimwita Mzee wa Studio, basi. Fremu yake ya duka na yangu zilitenganishwa na ukuta mmoja, yeye anapiga picha, mimi nauza asali. Ukuta wenyewe mwembamba, nikipiga chafya huku ananiombea rehema kule. Nilisikia kila alichowaambia wateja, na karibu kila siku yalikuwa yale yale: "Kidevu juu. Nimesema juu, sijasema mbinguni. Haya, tulia sasa." Mtu akitabasamu kwenye picha ya pasipoti alikuwa anamgombeza mpaka anatamani kuondoka. "Unamchekea nani? Unadhani afisa wa pasipoti anataka kukuoa?" Lakini akiingia mtoto mdogo, mzee huyo huyo anavaa kofia ya kuogea kichwani na kuanza kubweka. Mimi na mteja wangu upande wa pili tunacheka mpaka asali inapita kipimo.

Mgeni akiingia studio kwake, kitu cha kwanza kukiona ni nailoni. Kiti cha wateja kilikuwa bado na nailoni ya dukani, imechanika pembeni na kugeuka rangi, na ukikaa kwenye joto la Oktoba unainuka nayo. Rimoti ya feni ilikuwa kwenye nailoni, kibodi kwenye nailoni, hata kitabu cha risiti. Vumbi la Tabora hakuna asiyelijua, na wengi wetu ndivyo tulivyo, kitu kipya hatukivui nailoni, maana ukikivua tu kimeshazeeka. Kochi langu mwenyewe lilikaa nayo mpaka ikaisha yenyewe. Ila yeye alizidi. Aliifunga nailoni saa ya ukutani, saa ikasimama, akaiacha hapo hapo. Nilipomuuliza faida yake nini, akanijibu, "Angalau ni safi."

Majina ya watu hayakumkaa kichwani. Sheikh aliyemswalisha kila Ijumaa alimwita "yule bwana". Mimi nilikuwa Mama Asali kwa muda mrefu, mpaka nilipojifungua Kabula, ndipo nikawa Mama Kabula, na hilo sijui kwa nini alilishika. Alikuwa anagombana na mimi kwa sababu ya ufagio. Alisema nafagia vumbi langu nalisukumia mlangoni kwake. Kweli nilikuwa nalisukuma, lakini naye alikuwa analirudisha, kwa hiyo vumbi la Gongoni lilikuwa linasafiri kati ya milango yetu miwili kila asubuhi tangu nihamie pale.

Halafu kulikuwa na lile dirisha lake. Aliweka humo picha za watu waliopendeza, maharusi, wahitimu, wazee wenye kanzu zao za Idi. Mmoja wao akifariki, picha yake ilitoka dirishani siku hiyo hiyo. Hakungoja kuambiwa. Habari alizipata msikitini au kwa waendesha bajaji, sijui. Aliitoa, akaifunga kwenye karatasi, akaenda nayo msibani mwenyewe kwa miguu, akaitoa na kusema pole, akarudi zake. Nilipomuuliza kisa, alisema hataki mfiwa apite barabarani na kumkuta mtu wake anamtazama kutoka dukani. Tangu siku hiyo niliacha kuamini ukali wake, ingawa ufagio tuliendelea nao.

Neno aliloliweka mdomoni kuliko yote lilikuwa amana. Picha za watu ni amana. Kwa sababu hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa kompyuta yake, si fundi, si ndugu. Ikiharibika anaifungua mwenyewe kwa bisibisi yake, na isipopona inakaa hivyo hivyo mpaka apate akili nyingine. Watu walimshauri azipandishe picha mtandaoni zikae salama. "Nimpe nani?" aliuliza. "Anakaa wapi huyo? Siku nikizitaka nikamgongee mlango gani?" Na diski ya pili hakuwa nayo. Jamani, mtu anayefunika saa isipate vumbi, amebeba maharusi na marehemu wa mji mzima ndani ya kidude kimoja! Siku moja nilimwambia hivyo kwa sauti ambayo barabara yote ilisikia.

Kabula wangu alimaliza chekechea, na aliyeitwa kupiga picha za mahafali ni Mzee wa Studio. Joho la kukodi lilikuwa linamburuza, kofia imemfika masikioni. Picha nilitakiwa nizifuate baada ya siku chache. Nilikuwa nimepokea mzigo wa asali kutoka Sikonge, nina ndoo mpaka mlangoni, nikasema nitazichukua tu, si ukuta mmoja huu? Kabla sijazichukua mtoto akashikwa na homa. Homa ikapanda, likaja degedege, tukakimbia hospitali, na tulirudi bila yeye.

Tulimzika kwetu kijijini, Lusu. Wakati wa kurudi, katika kusukumana kwenye stendi ya Nzega, mtu akachomoa simu kwenye mkoba wangu. Picha zote za Kabula, tangu ana meno mawili, zilikuwa humo. Siku ile hata sikulia kwa ajili ya simu, sikuwa na machozi ya kugawa. Miezi ikapita. Nilijua kuna picha za mahafali upande wa pili wa ukuta, na sikuweza kwenda. Mzee naye hakunigusia. Asubuhi alikuwa ananipokea salamu, anasema, "Marahaba, Mama Kabula," anaingia ndani. Na watu wote waliendelea kuniita hivyo hivyo, Mama Kabula nipimie, Mama Kabula chenji yangu, kutwa nzima.

Basi siku moja napima asali, mtu akaniita jina hilo, nikamtafuta mwanangu kichwani nikamkosa. Naliona joho. Naviona viatu. Uso hauji. Nilijaribu tena, hauji. Mungu wangu, nilimwacha mteja amesimama na kopo mkononi, nikazunguka ukuta.

"Shikamoo, Mzee. Nimefuata picha za mtoto. Nimeanza kuisahau sura yake, Mzee. Nipe leo leo."

"Marahaba," alisema, na hakunitazama. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, sipiyu, lile sanduku la kompyuta, imefunguliwa ubavu, nyaya ziko nje. Ndani ya lile sanduku kitu kilikuwa kinagonga. Tak, tak, tak, kikanyamaza, kikaanza tena.

"Nini hicho kinachogonga?"

"Ndiyo diski yenye picha. Imeanza juzi, nikaizima. Nimeagiza mpya, imekuja na basi, nimeifunga asubuhi hii ili nihamishe vitu kabla hii haijafa. Na kompyuta haiioni hiyo mpya."

"Haiioni vipi na umeshaifunga?"

"Mama Kabula, ningekuwa najua haiioni vipi ningekuwa nimepiga magoti hapa?"

Akaipeleka bisibisi kwenye skrubu mara tatu, akaikosa mara tatu. Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Nikamkimbilia dada wa steshenari ya ng'ambo ya barabara, mwanamke anayezijua kompyuta kuliko mtu yeyote mtaa ule. Alikuja mbio, na Mzee, haki ya Mungu, akamnyooshea mkono. "Ishia hapo hapo mlangoni. Niambie, nitafanya mwenyewe." Nilitaka kumzaba kofi mzee wa watu. Lakini dada alikuwa anamjua, akaegemea mlango, akaanza kumwelekeza kwa mbali.

"Izime. Iwashe, halafu bonyeza Delete haraka haraka kabla haijafika mbali."

Mzee akasema bismillahi, akabonyeza. Ukatokea ukurasa wa bluu wenye maandishi.

"Hapo penye orodha ya diski, zipo ngapi?"

"Moja. Ya zamani. Chini yake patupu."

"Basi hata mashine yenyewe haijui kama kuna kitu. Izime. Ile mpya ihamishie tundu la pembeni."

Akahamisha. Akawasha. Tak, tak, tak. Patupu.

"Badilisha waya wa data," dada akasema, akakimbia kwake, akarudi na waya mwingine, akamrushia. Mzee akachomoa ule, akachomeka huu. Patupu. Wakabadilisha na waya wa umeme, wakachukua uliokuwa unalisha kile kisomea sidii ambacho hakuna mtu anayekitumia siku hizi. Patupu vile vile. Na kila ikiwashwa, ile mbovu inaanza kugonga, na kila pigo moja mimi nilikuwa najiambia, hili limemchukua Kabula.

"Mzee, ichomoe hiyo mbovu ipumzike," dada akasema. "Tutairudisha baada ya hii mpya kuonekana."

"Siichomoi."

"Unaimaliza kwa kuiwasha bure!"

"Nikiichomoa isirudi je?" Akainua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa hivi angalau inapumua. Sigusi."

Dada akashusha pumzi. Akasema basi labda hiyo mpya imekuja mbovu, kwa hiyo airudishe huko ilikoagizwa wamletee nyingine. Mzee akabaki anaitazama ile sipiyu. Sote watatu tulikuwa tunajua hiyo nyingine ikifika hapatakuwa na cha kuhamisha. Kwa mara ya kwanza nikasikia mzee yule akitoa neno ambalo sitaliandika.

Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Nikapiga magoti pembeni yake nikaingiza kichwa ndani ya lile sanduku, sijui nilikuwa natafuta nini, labda nilitaka kumwona mtoto. Na nikaiona diski mpya. Ilikuwa imevikwa nailoni. Nailoni laini ya kufungia mkate, imekunjwa vizuri, imebanwa na mpira wa noti, nyaya zimechomekwa kwa kupitia humo humo.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Hata humu ndani? Hata hii umeivika?"

"Vumbi," alisema.

"Vumbi gani! Mwanangu yumo humu unaniambia vumbi!" Nikaishika ile nailoni nikaivuta. Dada akapiga ukelele, "Usivute, wee!" Nimeshavuta. Waya wa data ukachomoka, na kwenye mdomo wa diski kikabaki kipande cha nailoni, chembamba kama ganda la kitunguu.

Dada aliingia. Hakuomba ruhusa, na Mzee hakumzuia. Akainama, akakitoa kile kipande kwa kucha, akakiinua kwenye mwanga.

"Mzee, umechomeka juu ya nailoni. Vyuma havikugusana. Tungebadilisha nyaya mpaka kesho."

"Nilitoboa kwa wembe," Mzee alisema taratibu. "Niliona imepita."

Hakuna aliyemcheka. Akaichomeka tena mwenyewe, diski ikiwa uchi, akawasha. Ukurasa wa bluu ukaja, na chini ya jina la diski ya zamani palikuwa na jina la pili. Nilipiga kigelegele peke yangu kama mwehu.

Dada akatutuliza. Alisema ile mpya ni tupu, haijawahi kuandikwa kitu, lazima iandaliwe kwanza. Kompyuta ilipowaka kabisa akamfungulia mahali penyewe, na kwenye skrini zikakaa mbili, moja juu, moja chini. "Tazama sana, Mzee. Unaandaa ya chini. Ukikosea ukaandaa ya juu, umefuta kila mtu." Mzee akaweka kidole chake kwenye skrini, akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Nikasoma, akabonyeza.

"Sasa sikiliza," dada akasema. "Hiyo ya zamani haifiki mbali. Ukiziburuza folda zote kwa pamoja itakwama njiani na hupati hata moja. Anza na moja, ile unayoitaka kuliko zote. Ikivuka, ndiyo uchukue nyingine." Kisha wateja wake wakamwita kutoka ng'ambo, akaenda.

Sikuweza kutazama. Niligeukia ukuta, ukuta ule ule wetu, nikauma kanga yangu. Nyuma yangu niliisikia mausi ikitembea, ikasimama, ikatembea tena. Halafu akabonyeza.

"Inavuka," alisema.

Tak, tak. Tak.

"Mahafali imevuka, Mama Kabula."

Nililia mpaka nikakaa chini. Nikamsikia anabonyeza tena, akiivuta folda ya pili, na ile diski ikagonga mara chache, ikakwaruza, ikanyamaza. Aliwasha, akazima, akawasha. Haikugonga tena kamwe.

Jioni ile akaibeba diski mpya mpaka steshenari ya ng'ambo, akanichapia picha. Kabula amesimama mbele ya pazia la bluu, joho linaburuza, mdomo wazi kwa kicheko, pengo mbele, anamtazama mtu anayebweka. Ni yeye. Uso wote ulirudi, mpaka ile alama ndogo ya tetekuwanga juu ya nyusi. Mzee alikuwa ameitia picha ndani ya nailoni, na safari hiyo sikumtania.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Watu walikuja kudai picha zao, harusi za watu, misiba ya watu, na mwingine alimtukana mbele ya mlango wangu. Hakujitetea hata kwa kusingizia mashine. Aliwapokea mmoja mmoja, akawakalisha kwenye kiti, akawaambia, "Nimepoteza amana yako. Nisamehe." Kuna waliosamehe na kuna waliotema mate. Dirisha alilibakisha tupu, na baada ya muda akafunga studio akahamia kwa dada yake Kigwa. Sasa pale wanauza vocha na chaja. Vumbi nalisukuma peke yangu na hakuna wa kunirudishia.

Msimu huu wa asali nilikwenda Kigwa kwa treni kutafuta mzigo, nikamfikia. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, amepungua, kanzu imemzidi. "Mwangaluka, Mzee," nikamtania kwa Kinyamwezi, naye akaitikia vizuri, akaniita Mama Kabula bila kukosea. Nikampa kopo la asali. Dada yake akatuletea chai sebuleni. Nikazungusha macho, nikaona kuta nne hazina kitu.

"Hee, nyumba ya mpiga picha haina hata picha moja?"

Dada yake ndiye aliyenijibu, huku anamimina. "Zilikuwa kwenye ile kompyuta yake. Mchwa walikula albamu zote za wifi yangu, tangu harusi yao. Kaka akawahi vipande vilivyobaki, akaviingiza kwenye mashine kabla havijawa unga. Yule marehemu picha zake zote zilikuwa humo."

Mkewe alifariki kabla sijapata fremu pale Gongoni. Sikuwahi kumwona. Nilikaa na kikombe mkononi, na taratibu nikaanza kuelewa ile mausi iliyokuwa inatembea nyuma yangu na kusimama.

"Mzee," nikasema, "ile folda ya pili. Iliyokwama."

Akaitikia kwa kichwa.

"Ilikuwa ya marehemu mkeo."

"Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha," alisema. "Ndiyo niliyoifuata baada ya mahafali."

"Sasa kwa nini hukuanza nayo? Aliyekwambia nani uanze na yangu? Mimi sikukuomba hivyo!" Nilijisikia nampandishia sauti mzee wa watu nyumbani kwa dada yake, na nikashindwa kuishusha.

Akangoja nimalize. "Ulisema umeanza kuisahau sura ya mtoto. Mimi ya mke wangu nilikuwa bado naiona."

Dada yake akaacha kumimina. Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, ikaenda.

"Na sasa, Mzee?"

Akautazama ukuta, akatikisa kichwa.

Nilikaa naye pale. Treni yangu ilipiga honi stesheni, ikaondoka, na sikuinuka.